Mwaka wa Klabu ya Kriketi Huanza Msimu Unapokwisha

Nimekuwa mweka hazina wa klabu ya kriketi ya kijamii kwa misimu saba na katibu wake kwa misimu minne, na katika muda huo wote sijaona klabu iliyovunjika kwa sababu ya kushindwa mechi. Zile nilizoziona zikivunjika zilivunjikia katika miezi ambayo hakuna mpira unaorushwa: hesabu hazikufungwa, ada ilipangwa kwa kubahatisha, na mkutano mkuu uliahirishwa mara kwa mara hadi wanachama wakasahau kwamba klabu ni mali yao. Ndiyo maana kalenda yangu ya kazi huanza siku ile ile wachezaji wanapofungasha pedi na glovu zao kwa mara ya mwisho.

Uwanja hausubiri kikao. Pichi, yaani ule ukanda wa mita 20.12 kwa 3.05 unaochezewa kati ya wiketi mbili (vijiti vitatu vinavyosimikwa kila mwisho), huumia mahali palepale kila wiki: pale mrushaji anapotua mguu na pale mpigaji anapokwangua ardhi kwa kiatu. Kwa hiyo mara msimu unapokwisha hukwanguliwa majani makavu yaliyolala juu ya udongo, hutobolewa matundu ili hewa na maji vipenye, hupandwa mbegu, kisha hufunikwa kwa tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi. Udongo huo lazima ufanane na ule uliopo chini. Ukinunua ulio tofauti kwa sababu ni wa bei nafuu, tabaka hizo mbili hazitashikamana, na mpira utaanza kudunda kwa namna asiyoweza kuitabiri hata aliyeurusha. Msimu mpya unapokaribia, rola ya kushindilia udongo huanza kupitishwa ikiwa nyepesi na kuongezwa uzito kidogo kidogo, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Wanaopitisha rola nzito juu ya udongo uliokwisha kukauka wanajichosha bure.

Klabu yenye watu wachache wa kujitolea ningeishauri iweke pichi ya zulia juu ya zege, hata kama wazee wa mchezo watanuna. Gharama yake ya mwanzo ni kubwa, lakini haihitaji kupumzishwa kati ya mechi na mechi. Sharti ni kwamba kila mwaka itengwe akiba ya kulibadilisha zulia hilo, kwa maana siku litakapochanika hakuna mfadhili atakayetokea ghafla.

Sasa fedha, ambako ndiko makosa mengi hufanyika. Mimi hugawa matumizi katika mafungu mawili yasiyochanganywa. Fungu la kwanza ni gharama ambazo klabu italipa hata kama mvua itafuta mechi zote: kodi ya uwanja, bima, matengenezo, ada ya kushiriki ligi. Fungu la pili ni gharama zinazozaliwa na mechi yenyewe, kama mipira na posho za waamuzi. Ada ya mwaka ibebe fungu la kwanza lote, na mchango wa siku ya mechi ubebe la pili. Klabu inayotegemea michango ya mechi kulipia kodi ya uwanja imeweka uhai wake mikononi mwa mawingu.

Katika kukokotoa ada, wengi hugawanya gharama kwa idadi ya majina yaliyomo katika daftari. Tuseme gharama za kudumu ni 6,000 na daftari lina majina 40; kila mmoja ataambiwa alipe 150, na hesabu itapendeza sana kwenye karatasi. Lakini ikiwa rekodi za misimu mitatu iliyopita zinaonyesha kwamba watu 30 tu ndio hulipa kikamilifu, klabu imekwisha kupitisha nakisi ya 1,500 kabla mechi ya kwanza haijachezwa. Ada halisi ni 200, na ni afadhali kulisema hilo mapema na kustahimili manung'uniko kuliko kupitisha kofia katikati ya msimu. Kwa upande wa mechi, kumbuka kwamba kanuni humruhusu nahodha kudai mpira mpya mwanzoni mwa kila zamu ya kupiga, na kwamba gharama ya siku hiyo wanaichangia wachezaji 11 tu, si klabu nzima.

Kupanga ada ni rahisi kuliko kuikusanya. Katika msimu wangu wa pili, katiba yetu ilisema wazi kwamba asiyelipa hachezi, ila nahodha wetu akampanga mrushaji hodari aliyekuwa anadaiwa ada yote, nami nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tunahitaji wiketi, yaani kuwatoa wapigaji wa wapinzani. Tulishinda mechi ile. Kufikia katikati ya msimu, nusu ya kikosi ilikuwa imejifunza kwamba kanuni ile ni pambo, na mipira ya mechi tatu za mwisho niliinunua kwa fedha za mfukoni mwangu. Tangu hapo, nahodha hupokea orodha ya waliolipa kabla ya kupanga timu, na jina lisilokuwamo halijadiliwi.

Mkutano mkuu wa mwaka una ajenda inayojulikana: kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mwenyekiti, hesabu zilizokaguliwa na mtu asiye mjumbe wa kamati, ada ya mwaka mpya, uchaguzi, na mengineyo. Ningesisitiza mambo mawili tu. Taarifa ya fedha iwafikie wanachama angalau wiki moja kabla, kwa kuwa mtu anayeona tarakimu kwa mara ya kwanza ukumbini ama atapitisha kila kitu ama atashuku kila kitu. Pili ni akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uweze kuamua. Yetu ilidai nusu ya wanachama wote, wakiwamo waliohama zamani na kubaki majina tu, na mara mbili tulirudi nyumbani bila kufanya uamuzi wowote. Tuliibadilisha iwe theluthi moja ya wanachama hai, yaani waliolipa ada ya mwaka unaoishia.

Katiba pia inahitaji kifungu cha nidhamu kinachofanya kazi. Tangu toleo la 2017 la Sheria za Kriketi, zinazotunzwa na klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) ya London, waamuzi wanaweza kuagiza mchezaji aondolewe uwanjani kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na wanatakiwa kuripoti kwa uongozi wa timu yake. Ripoti hiyo ikifika kwa kamati isiyo na utaratibu wa kusikiliza pande zote, ugomvi wa uwanjani huhamia kwenye familia.

Uchaguzi ukimalizika, makabidhiano yafanyike kwa maandishi: vifaa vilivyohesabiwa, funguo za banda la rola, madaftari ya alama, stakabadhi, na zaidi ya yote majina ya watia saini wa akaunti ya benki. Mwaka mmoja tulichelewa kuyabadilisha, na mmoja wa waliotangulia alikuwa amekwisha kuhamia mbali. Fedha zilikuwamo, ila kwa wiki saba hakuna aliyeweza kuzitoa, na muuza udongo hakukubali kupakia bila malipo. Mbegu zilipandwa zikiwa zimechelewa, na siku ya mechi ya kwanza upande mmoja wa pichi ulikuwa bado na vipara.