"Mtazamaji Hataelewa": Imani Zinazoua Filamu Zetu za Kusini

Kila muswada ninaoletewa hapa Mtwara, uwe wa kijana wa Shangani au wa kikundi cha Tandahimba, hufuatana na utetezi uleule pale ninapoanza kukata mazungumzo: "Mwalimu, tukiyatoa haya mtazamaji hataelewa." Nimeusikia hadi nimechoka. Imani hii inaziumiza filamu zetu kuliko hata ukosefu wa fedha.

Tazama sini ya aina ninayoisoma kila msimu. Mume na mke wako uani. Mume anasema: "Mke wangu, kama unavyojua, nilikopa hela ya salfa, nikaziuza korosho zetu kwa kangomba kabla hazijaiva, na sasa tajiri anazitaka." (Salfa ni dawa ya mikorosho; kangomba ni kuuza korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya mavuno.) Kama mke anajua, anaambiwa ya nini? Huyo bwana hasemi na mkewe, anasema na sisi, na mtazamaji analihisi hilo papo hapo.

Sasa futa maneno yote. Mke anaanua korosho, anazitia guniani. Pikipiki inasimama njiani, injini haizimwi. Aliyekuja hateremki wala hasalimii. Analitazama gunia tu. Mume analiinua bila kumwangalia mkewe, analipeleka. Mke anabaki na ungo mkononi.

Mtu wa Newala keshaelewa yote. Jaji wa FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, ambaye huenda hajawahi kusikia neno kangomba, naye ameona deni, ameona aibu, na ameona kwamba mke hakushirikishwa. Hilo la mwisho halikuwemo kabisa kwenye muswada wa kwanza. Limezaliwa baada ya mume kunyamaza, na ndilo lenye filamu ndani yake, kwa sababu sasa tunataka kujua mke atafanya nini usiku ule.

Kwa hiyo kila anayenijia nampa kazi moja, na siachi kuisisitiza: zima sauti, mwite jirani asiyeijua hadithi, atazame filamu yako mwanzo mpaka mwisho, kisha akusimulie alichokiona. Akikwama, tatizo liko kwenye picha, na maneno hayatakuokoa. Akifika mwisho salama, rudisha maneno machache yale ambayo picha haiwezi kuyabeba: uongo, kitisho, utani, kubembeleza. Watu wa huku hatusemi shida zetu waziwazi hata kidogo. Mtu akienda kumkopa mkwewe huanza na habari za mvua, za mikorosho, za wajukuu, na anaweza kuaga bila kulitaja lililompeleka. Yaandike hayo! Na ile hotuba ya mwisho, mzee chini ya mwembe akitueleza funzo la hadithi, iondoe leo.

Zipo imani nyingine pia. "Bila kamera kubwa hakuna tuzo." Filamu ya Tangerine ya Mmarekani Sean Baker ilipigwa kwa simu za iPhone 5s na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2015. Kinachoziangusha filamu nyingi ninazoziona ni sauti: upepo wa Mikindani umewafunika waigizaji, na bado fedha imekwenda kukodi droni. Kodi maikrofoni nzuri na mtu anayejua kuishika.

"Majaji wanataka Kiingereza." Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Mtanzania Amil Shivji imezungumza Kiswahili, na ilianza kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Hata Kimakonde au Kimwera kinakubalika, ilimradi tafsiri inayopita chini ya picha iwe imeandikwa na mtu anayezijua lugha zote mbili. Usiiachie programu ya simu kazi hiyo.

"Nikimpa mtu muswada ataniibia." Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, na kuisajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi. Wazo tupu halilindwi popote, basi acha kulificha wazo, liandike. Muswada ambao haujasomwa na mtu mwingine huwa na mashimo ambayo mwandishi wake hawezi kuyaona.

Halafu kuna hili la "niiweke YouTube kwanza, ikipata watazamaji matamasha yatanitafuta." Hayakutafuti, unapeleka mwenyewe, kwa tarehe yao na kwa masharti yao. Mengi makubwa hukataa filamu ambayo imeshawekwa hadharani mtandaoni, na urefu nao una kikomo: kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, filamu fupi haizidi dakika 15, majina ya mwisho yakiwemo. Soma masharti ya ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na ya kila tamasha unalolilenga kabla hujaanza kuhariri. Anayetaka kuiona mapema mpe kiungo chenye nenosiri, na YouTube isubiri hadi majibu yote yawe yamerudi.