Nyasi za kienyeji si kuku wa kienyeji

Kuku wa kienyeji unamfungulia asubuhi, anajitafutia. Wengi hufikiri nyasi za uwanja wa nyumbani nazo ni vivyo hivyo: mradi asili yake ni hapa, panda, sahau. Sivyo.

Chukua nyasi ya kikuyu. Kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye ubaridi na mvua. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, inastawi, tena kupita kiasi. Mashina yake hutambaa juu na chini ya udongo, na kabla hujashtuka yameingia kwenye sukumawiki. Usipoikata mara kwa mara inajilundika kama godoro. Huko Kisumu, mita 1,130 hivi na jua la ziwani, nyasi hiyohiyo huchoka kiangazi usipoimwagilia.

Kwa uwanja wa Kisumu unaopigwa jua, mimi ningechagua ukoka. Wauza miche huuita Bermuda, na wanunuzi hudhani umetoka ng'ambo, kumbe nao ni wa Afrika. Kiangazi majani hukauka, mvua ikirudi unachipuka. Ila chini ya mwembe usiupande, kivuli huumaliza. Hapo weka nyasi ya Pemba, yenye majani mapana, asili yake pwani.

Zote, hata ukoka, zinataka maji wiki za kwanza, na palizi mpaka zifunike udongo. Panda masika yanapoanza, Machi au Aprili, upunguze safari za mtungi.