Baridi yabisi si ugonjwa wa baridi

Wiki hii nimelisikia mara tatu. Kwanza redioni, mtangazaji akiwaonya watu wa nyanda za juu kwamba msimu wa baridi yabisi umeingia. Halafu kwenye daladala, mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba binti yake amepata baridi yabisi kwa kuoga maji ya baridi alfajiri. Mara ya tatu ilikuwa kwenye simu, kutoka kwa mama yangu mkubwa, mgonjwa wa baridi yabisi anayeishi Makete, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

"Mwanangu," aliniambia, "tumeshaziba kila tundu. Jiko siku hizi linalala ndani."

Maana kwanza. Baridi yabisi, kwa namna madaktari wanavyolitumia jina hilo, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utando laini unaozunguka viungo, hasa vya vidole, vifundo vya mikono na nyayo. Viungo huvimba, hupata joto, huuma pande zote mbili za mwili, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Ukiachwa bila dawa hula gegedu na mfupa, vidole vikapinda. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Si jongo, ambalo hutokana na asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo, wala si goti lililochakaa kwa umri. Mitaani yote matatu huitwa baridi yabisi, na hilo nalo lina hasara yake, lakini leo nataka kushughulika na neno moja tu la jina hilo, lile la kwanza: baridi.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu: *barid* na *yabis*, baridi na kavu. Hayakukutana kwetu kwa bahati. Yalikuwa jozi tangu zamani katika utabibu wa Kiarabu, ule uliorithiwa kutoka kwa Wayunani na kukuzwa na mabingwa kama Ibn Sina. Katika utabibu huo kila kitu kina tabia: joto au baridi, unyevu au ukavu. Mwili wenye afya ni ule ambao tabia hizo nne zimelingana, na ugonjwa ni mizani kuelemea upande mmoja. Wazee wa Pwani wanaojua dawa za zamani bado wanazitaja kwa majina: hari, baridi, yabisi, rutuba. (Rutuba tunayoililia shambani ni neno hilohilo, kwa asili yake ni unyevu.) Kwa hesabu hiyo chakula kinaweza kuwa cha baridi hata kikiwa kinafuka mvuke kwenye sahani, na mtu anaweza kuzidiwa na baridi na yabisi akiwa juani Lamu mwezi wa pili. Baridi ile ilikuwa tabia ya mwili. Haikupimwa kwa kipimajoto, wala blanketi halikuwa dawa yake.

Yabisi nayo ina ukavu na ugumu ndani yake kwa pamoja, ndiyo maana mwanafunzi wa sayansi hulikuta likitumika kwa kitu kisicho kimiminika wala gesi. Anayeamka vidole vimegoma kukunjika, gauni likabaki halijafungwa vifungo hadi saa tatu, hahitaji kuelezwa kwa nini neno hilo liliwekwa hapo. Limesema kweli.

Tatizo ni kwamba jina lilipopanda bara kutoka Pwani, elimu ya tabia nne haikupanda nalo. Neno baridi likabaki peke yake, halina pa kushika isipokuwa maana yake ya kila siku, ile ya Julai na ukungu na maji yanayouma meno. Jina likageuka maelezo ya ugonjwa. Wazungu nao walipita njia hiyohiyo: neno lao la rumatizimu linatoka kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya kutiririka, kwa sababu waliamini kuna majimaji yanayoshuka kutoka kichwani na kutua kwenye viungo. Alfred Garrod, daktari wa London, aliupa ugonjwa huu jina lake la kitabibu la sasa, *rheumatoid arthritis*, mwaka 1859, na mtiririko huo umo ndani ya jina hadi leo. Ila Mwingereza wa kawaida hausikii, maana kwake Kiyunani ni lugha ya mbali. Sisi baridi yetu tunaisikia kila tunapolitamka jina.

Na viungo kuuma zaidi siku za baridi? Hilo wagonjwa wengi wanalisema na sina haki ya kuwakatalia maumivu yao. Watafiti wa Manchester walilifuatilia kwa wagonjwa 2,658 wa Uingereza wenye maumivu ya kudumu, walioandika maumivu yao kila siku kwenye simu, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Walichokuta kikienda na maumivu ni unyevu mwingi hewani, shinikizo dogo la hewa na upepo mkali, tena kwa kiasi kidogo. Ubaridi wenyewe, ukiupima peke yake, haukuonyesha uzito. Na hayo ni maumivu ya siku moja. Kuupata ugonjwa ni habari nyingine kabisa. Baridi yabisi ipo Dar es Salaam na Mombasa, kwa watu ambao hawajawahi kumiliki sweta.

Sasa nirudi Makete. Nilimtembelea mama mkubwa mwaka jana mwezi wa saba. Chumba chake kina dirisha moja, na dirisha lilikuwa limejazwa gunia. Chini ya mlango kulikuwa na tambara lililosokotwa na kubanwa kwa mguu. Katikati, jiko la mkaa, na yeye amekaa kigodani, viganja amevinyoosha juu ya makaa kama anayeomba. Juu ya kitanda, koroboi. Asubuhi nilipopenga kamasi, kitambaa kilitoka na masizi. Yeye alilala humo kila usiku, na wala hakuwa mjinga: joto hulegeza kweli viungo vilivyokakamaa, aliliona kwa vidole vyake mwenyewe. Alichofanya ni kulifuata jina la ugonjwa hadi mwisho. Umeambiwa ni baridi, utafanya nini zaidi ya kuziba nyumba?

Hapo ndipo jina linapodhuru, kwa sababu kati ya vitu vya nje ya mwili vinavyojulikana kuhusiana na ugonjwa huu, vilivyochunguzwa zaidi vinapita puani. Moshi wa sigara ndio ulioeleweka vizuri kuliko vingine. Unapokera mapafu, vimeng'enya fulani hubadilisha kidogo sura ya baadhi ya protini za mwili wenyewe. Kwa waliozaliwa na jeni za aina fulani, kinga huziona protini hizo kama mgeni, ikatengeneza kingamwili za kuzipiga. Lars Klareskog na wenzake wa Sweden walieleza njia hii mwaka 2006. Kingamwili hizo, ndizo zinazotafutwa kwa kipimo cha anti-CCP, huweza kukaa kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuvimba.

Vumbi nalo lina historia ndefu. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan aliwaona wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi, na picha za mapafu yao zikionyesha vinundu vya aina ya peke yake. Mwaka 1957 Erasmus, wa Afrika Kusini, akaandika kuhusu wachimba dhahabu waliopata ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ambao nao ni wa kinga kujishambulia. Mshukiwa wao ni silika, vumbi la mawe, lilelile linalowapaka weupe kope wanaoponda kokoto kwetu.

Kisha kuna hewa ya kawaida ya mjini. Hapa neno "hewa chafu" linatupotosha kidogo, maana tukilisikia tunafikiria harufu. Chembe zinazowahangaisha watafiti hazinuki wala hazionekani: zina upana wa mikroni 2.5 au chini ya hapo, na unywele mmoja ni mnene karibu mara 30 yake. Zinashuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka huohuo madaktari wa Verona, Italia, mji ulio kwenye bonde ambalo hewa hutuama chini ya milima ya Alps, walichapisha rekodi za wagonjwa 888 wa baridi yabisi. Wagonjwa walipokuja ugonjwa umepanda, siku 60 za nyuma yake zilikuwa na hewa chafu zaidi kuliko walipokuja wakiwa wametulia.

Nakuomba uwe makini na kitenzi hapa. Sisemi moshi *unasababisha* baridi yabisi, kwa maana kwamba ukivuta moshi utaugua. Marekani, utafiti wa wauguzi wa kike uliwaona wale waliokaa ndani ya mita 50 kutoka barabara kubwa wakiupata zaidi. Miaka minne baadaye, mwaka 2013, chembe zenyewe zilipokadiriwa katika kundi hilohilo, uhusiano haukuonekana. Na tafiti nyingi ni za barabara za Ulaya na Amerika. Moshi wa jikoni kwetu umechunguzwa kidogo mno. Kitenzi kinachofaa tunacho, na ni kizuri: *kuchochea*. Kuchochea moto ni kuusukuma ukuni ndani ya mafiga moto ukiwa tayari upo. Anayechochea hakuuwasha. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake tayari inavipiga viungo, hewa chafu huenda ikachochea. Kwa asiye mgonjwa, sigara na vumbi la mawe huongeza uwezekano, na kuongeza uwezekano si kuwasha.

Neno jingine dogo kuhusu kinga, kwa sababu hulisikia likifuatia hapohapo: "kinga yake imeshuka, mpeni unga wa kuongeza kinga." Tumejifunza neno hili kwenye UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, kwa hiyo kila ugonjwa wa kinga tunausikia kama upungufu. Kwenye baridi yabisi kinga haijapungua. Imekosea mtu wa kumpiga, na dawa za hospitali hufanya kazi ya kuituliza.

Jana jioni nilimpigia tena mama mkubwa. Jina sikumkataza, amelizoea na ni jina la heshima. Nilimweleza kwamba baridi iliyomo ndani ya jina hilo ni ya waganga wa kale na mizani yao, haihusiani na ukungu ulio nje ya mlango wake. Nikamwomba jiko lisilale ndani tena, kwa sababu mkaa, hata ukiwa mwekundu bila moshi wa kuonekana, hutoa gesi inayoua watu usingizini, na hilo halina "huenda". Joto alipate kwa blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga. Asubuhi vidole avitumbukize kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Vidonge vyake vya kila wiki asiviache.

Akanyamaza kidogo, nikasikia mlango ukifunguliwa upande wake.

"Kwa hiyo daktari aliposema nijihadhari na hali ya hewa, hakuwa na maana ya baridi?"

"Hali ya hewa ndiyo, mama," nikamwambia, "ila ni hiyo hewa ya humo chumbani."