Kuoanisha vipande katika resitali ya piano: Berg na Liszt

Resitali ni onyesho la mpiga ala mmoja. Hana bendi wala mwimbaji. Ni yeye, piano na watu waliokaa kimya. Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi wa Hungaria, alilitumia neno hilo kutangaza maonyesho yake London mwaka 1840, na tangu hapo wapiga piano wanaumiza vichwa: kipi kipigwe baada ya kipi?

Kuoanisha ni kuweka vipande viwili jirani ili kimoja kikusikizishe jambo lililojificha ndani ya kingine. Mara nyingi huoanishwa ulimbwende wa karne ya 19 na usasa wa mwanzo, yaani muziki wa kuanzia mnamo 1900 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Ulimbwende hapa si mapenzi tu. Ni hisia kubwa zinazoachiwa zikiongoze kipande. Wasasa walizirithi, wakalegeza kamba iliyozifunga kwenye ufunguo mmoja, yaani noti ya nyumbani ambayo muziki huizunguka na kuirudia. Wengi hudhani shabaha ni tofauti, utamu kwanza kisha uchachu. Sikubaliani. Jozi nzuri hutafutwa kwenye udugu.

Chukua sonata ya Liszt ya 1853, yaani kipande kirefu cha piano peke yake, na ile ya mtunzi wa Austria Alban Berg, Opus 1 (kazi yake ya kwanza kupewa namba), iliyochapwa 1910. Zote ziko kwenye ufunguo wa B maina. Zote ni sehemu moja isiyokatika, ingawa ya Liszt huchukua kama nusu saa na ya Berg dakika kumi na kitu. Liszt alipofariki, 1886, Berg hakuwa ametimiza miaka miwili.

Sasa sikiliza zinavyoanza. Berg anagusa noti ya G, anapanda C, kisha F shapu, nawe hujui uko ufunguo gani. Sekunde chache baadaye muziki unatua B maina, unaondoka, na hautulii tena pale hadi mwisho kabisa. Liszt naye anaanzia G: mbili fupi, za chini, kwa kunong'ona, kisha anashuka ngazi nzima ya noti kabla hujajua nyumbani ni wapi.

Ningekuwa napanga mimi, Berg angetangulia, na Liszt angefuata bila kupisha makofi. Sikio lililokwisha kupotea ndani ya Berg litausikia uthubutu wa Liszt, ambao mazoea yameufunika. Ukigeuza, Berg hubaki mabaki ya tufani iliyokwisha pita. Tena mwisho wa Liszt hautaki kitu baada yake: kodi chache za juu (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinafifia, kisha mkono wa kushoto unashuka chini sana, unagusa B moja, fupi, basi.