Utafiti mtandaoni kwa gharama nafuu: dhana zinazowakwamisha wanafunzi Dodoma

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinijia na daftari lenye orodha ya makala kumi na moja kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye mazao, na mbele ya kila makala alikuwa ameandika kwa wino mwekundu bei aliyoikuta kwenye tovuti ya mchapishaji: dola 30, dola 35, dola 39. Alikwisha kukata tamaa, akaamini kwamba utafiti wake kuhusu uhifadhi wa karanga wilayani Kongwa hauwezekani kwa mtu anayeishi kwa mkopo wa elimu ya juu. Tuliketi pamoja mbele ya kompyuta kwa muda usiozidi saa mbili, tukazipata makala saba kati ya hizo zikiwa nzima, bila kulipa hata senti na bila kuvunja sheria yoyote. Kijana huyu hakukosa akili wala bidii. Alikwamishwa na dhana ambazo nazisikia karibu kila wiki katika mji huu wenye vyuo vingi.

Dhana: bei inayoonekana kwenye tovuti ndiyo bei ya makala.

Bei ile ni ya mlango mmoja tu, ilhali makala moja huweza kuwa na milango mitatu au minne. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2008 zimewataka watafiti zinaowafadhili waweke makala zao katika PubMed Central, hazina ya makala kamili iliyofunguliwa mwaka 2000 ambayo mtu yeyote anaisoma bure. Vyuo vikuu vingi navyo vina hazina zao za kidijitali, ambamo mwandishi huweka rasimu ya mwisho iliyokwisha kupitiwa na wataalamu, hata kama jarida lenyewe linauzwa. Njia niliyomfundisha kijana ni nyepesi: nakili kichwa cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu katika Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia maandiko ya kitaaluma, kisha fungua orodha ya matoleo yote ya makala hiyo badala ya kubonyeza tokeo la kwanza na kuishia hapo. Mara nyingi toleo la tatu au la nne huwa limewekwa na chuo cha mwandishi. Likikosekana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu, ukijitambulisha na kutaja makala unayoihitaji. Anwani yake huwa imechapishwa chini ya jina lake, na wengi hufurahi kuona kazi yao inasomwa.

Dhana: kitu cha bure ni hafifu.

Dhana hii inachanganya mambo mawili, yaani nani analipa na nani anakagua. Jarida la malipo hugharamiwa na msomaji au maktaba yake, wakati jarida huria, yaani linalosomwa bure na yeyote, hugharamiwa na mwandishi, mfadhili au taasisi. Lakini ubora wa yote mawili hutokana na wataalamu wanaosoma andiko kabla halijachapishwa na kulikataa lisipofaa. Malaria Journal limekuwa huria tangu lilipoanza mwaka 2002, na hakuna mtafiti makini wa malaria anayelidharau kwa sababu hiyo. Tukumbuke pia kwamba unafuu huu ni wa juzijuzi. Katika miaka ya 1970 huduma za kutafuta maandiko kama Dialog zilitumiwa kupitia laini ya simu, na mtumiaji alitozwa kwa kadiri ya muda aliounganishwa, kiasi kwamba mkutubi alipanga maneno yake ya kutafutia kwenye karatasi kabla ya kuunganisha laini. PubMed yenyewe, orodha ya kutafutia makala za tiba na afya, ilifunguliwa bure kwa umma mwaka 1997 tu.

Dhana: huduma hizi ni za vyuo vikuu vikubwa vya Ulaya na Marekani.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu mpango mkubwa kuliko yote ya aina hii ulianzishwa kwa ajili ya nchi kama yetu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na wachapishaji, lilianzisha Hinari kwa majarida ya afya. Mwaka 2003 ikafuata AGORA ya kilimo chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kisha zikaja za mazingira, teknolojia na sheria, na zote leo ziko chini ya mwavuli wa Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote, na wanaoruhusiwa kujiandikisha si vyuo vikuu peke yake, bali pia hospitali, vyuo vya uuguzi, vituo vya utafiti na ofisi za serikali. Sharti ni kwamba taasisi ndiyo inayojisajili na kupewa nywila. Mtu binafsi hawezi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkutubi wako ni hili: je, tumejisajili, na nywila iko kwa nani? Nimekutana na wanafunzi waliomaliza shahada bila kuuliza swali hilo hata mara moja. Asiye na taasisi naye hajafungiwa, kwa kuwa JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, humruhusu aliyejisajili kwa barua pepe kusoma makala hadi 100 kwa mwezi mtandaoni bila malipo.

Dhana: mtandaoni hakuna habari za kwetu.

Zipo, ila zimehifadhiwa kwa majina ambayo hatuyatumii nyumbani. Anayeandika neno «sumukuvu» peke yake atapata habari za magazeti. Anayeongeza jina la kitaalamu la Kiingereza, aflatoxin, au jina la kuvu wenyewe, Aspergillus flavus, atapata uchunguzi wa mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo wagonjwa walikuwa 68 na 20 kati yao walifariki dunia. Takwimu za Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 3,085,625 katika mkoa wa Dodoma, zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hukumu za mahakama zetu ziko TanzLII, tovuti ya bure ya sheria za Tanzania. Na majarida mengi ya Afrika, yakiwemo ya Tanzania, yako AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika.

Dhana: huduma ya utafiti mtandaoni ni kuandikiwa tasnifu.

Huo ni udanganyifu wa kitaaluma, na anayekuahidi tasnifu kamili kwa wiki moja hakuuzii utafiti. Huduma halali hukupa vyanzo na njia ya kuvitafuta. Kusoma, kupima na kuandika hubaki kuwa kazi yako. Jihadhari vilevile na majarida ya kitapeli yanayoahidi kuchapisha andiko lako ndani ya siku tatu ukilipa ada, kwani hakuna mtaalamu anayekagua andiko kwa haraka hiyo. Kabla ya kulipa, angalia kama jarida limeorodheshwa katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003.

Katika makala nne zilizomsalia yule kijana, mbili alitumiwa na waandishi wenyewe ndani ya wiki moja, na moja aliipata kwa nywila ya maktaba ya chuo chake. Ya nne aliiacha baada ya kusoma ikisiri, yaani muhtasari wake, na kugundua kwamba ilihusu maghala yenye mashine za kukausha karanga, ambazo wakulima aliowahoji hawana.