Je, wajua kwa nini hati nyingi za mashamba Kenya zina jina la baba peke yake?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa neno moja: mila. Nilikosea, na kosa hili linaumiza, kwani jibu hilo bado hutolewa mjane anapodai shamba alilolilima maisha yake yote.

Mila haikuwa na hati. Katika jamii nyingi za Kenya, mke alipoolewa alitengewa vipande vyake vya kulima, na vipande hivyo vilikuja kuwa vya wanawe, si vya wana wa mke mwenza. Jirani alikuwa na njia yake ya mtoni. Baada ya mavuno, mifugo ya wengine iliingia kula mabua. Baba hakuamka tu akauza; ukoo ulikuwa na neno.

Shamba lilikuwa kama mkeka: ukili wa huyu umeshonwa na ukili wa yule, na hakuna anayeweza kuchomoa wake bila kuwagusa wengine. Kisha akaja afisa na daftari, akauliza mkeka ni wa nani, naye alitaka jina moja.

Hilo lilianza kwa kishindo mwaka 1954, kwa mpango wa R.J.M. Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Vipande viliunganishwa, mkulima apate hati na kwa hati akope. Kamati za ugawaji zilikuwa za wazee wanaume, na aliyeandikwa kwa kawaida ni mkuu wa boma. Sheria ya 1963 ikampa huyo umiliki kamili. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero na Opiyo, mahakama iliamua kwamba haki za kimila zisizoandikwa kwenye daftari hazina nguvu mbele ya jina lililoandikwa. Ukili uliobaki ukakatika hapo.

Nisiipambe mila, lakini. Haki ya mwanamke ilipitia kwa mume au mwana, na mengi yaliyoandikwa kuihusu yalitokana na kuwahoji wazee wanaume.

Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inataka idhini ya wote wawili kabla ya mali hiyo kuuzwa, ingawa kifungu hicho kinataja ndoa ya mke mmoja. Na mke ambaye jina lake halimo anaweza kuomba zuio liandikwe kwenye kadi ya kijani ya shamba, yaani rekodi ya umiliki wake, pale pale ofisi ya ardhi, kabla mnunuzi hajafika.