Vizuizi vya mzizi ni nini, na kwa nini havikai vilevile

Shuleni wengi wetu tulichorewa mzizi kama mrija: maji yanaingia kwenye vinyweleo, yanapita, yanapanda kwenye shina, basi. Mchoro ule haukuwa uongo, ila uliruka jambo kubwa. Udongo una maji, una potasiamu na chuma ambavyo mmea unavihitaji, lakini pia una chumvi, metali zenye sumu na vijidudu. Mrija haubagui. Mzizi unabagua, na tishu zinazofanya kazi hiyo ndizo huitwa vizuizi vya mzizi.

Chukua mzizi mchanga, ukate kipande chembamba cha mviringo, ukitazame kwa hadubini. Nje kabisa kuna epidemi, ngozi yenye vinyweleo. Ndani yake kuna koteksi, tabaka nene la seli zilizoachana hapa na pale. Halafu unakuta duara la seli za mstari mmoja, zimebanana kama watu walioshikana mikono. Hilo ndilo endodemi. Ndani ya duara kuna mishipa: zailemu inayopandisha maji na floemu inayoleta sukari kutoka majani.

Maji hufika kwenye endodemi kwa njia mbili. Ama yanaingia ndani ya seli na kupokezwa seli hadi seli, ama yanapenya kwenye kuta za seli na mianya iliyopo kati yake, bila kuingia ndani ya seli yoyote. Hii ya pili ni njia ya mkato isiyo na mlinzi. Chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hupita nayo. Inafika endodemi, inakatika.

Kinachoikata ni ukanda wa Caspary, uliopewa jina la mwanabotania Mjerumani Robert Caspary, aliyeueleza mwaka 1865. Ukuta wa kila seli ya endodemi umezungushiwa ukanda mwembamba, na ukanda wa seli moja umeshikana na wa jirani bila pengo. Watu walibishana muda mrefu umetengenezwa kwa nini hasa. Mwaka 2012 ikaonyeshwa kwamba ni lignini, kitu kilekile kinachoupa mbao ugumu wake, angalau kwenye arabidopsi, kimmea cha jamii ya haradali ambacho watafiti wa mimea hawaishi kukichokonoa. Chembe ikifika hapo haina ujanja: lazima iingie ndani ya seli kupitia utando wake, na kwenye utando kuna protini zinazochagua nani apite.

Kinachonishangaza mimi ni namna mmea unavyojua kwamba ukanda umeziba kweli. Katikati ya mzizi, upande wa mishipa, hutengenezwa peptidi ndogo, yaani vipande vifupi vya protini. Kipokezi chake, protini inayozinasa, kiko kwenye utando wa seli za endodemi, pembeni mwa ukanda. Ukanda ukiwa bado na pengo, peptidi zinavuja kwenda nje, zinakigusa kipokezi, na seli inapata amri ya kuongeza lignini. Pengo likishazibika peptidi hazifiki tena, na amri inakoma yenyewe. Ni kama fundi bomba aliyetia rangi kwenye maji ili aone yanatokea wapi, tofauti ikiwa kwamba hapa bomba linajikagua lenyewe. Utaratibu huu ulielezwa mwaka 2017.

Kizuizi cha pili ni suberini, kitu cha jamii ya mafuta na nta. Umekishika mara nyingi bila kukijua: kizibo cha chupa kilichochongwa kwenye gome la mti kimejaa suberini, na ganda la kiazi vilevile. Kwenye endodemi, suberini hupakwa kuizunguka seli nzima kama lipu, na seli iliyopakwa haipokei tena kitu kwa urahisi kutoka nje. Ncha ya mzizi haina lipu hiyo. Ukipanda juu kidogo unakuta ukanda wa Caspary peke yake, kisha seli moja imepakwa na jirani yake bado, na kwenye sehemu kongwe karibu zote zimepakwa. Hubaki chache tu wazi, aghalabu zile zinazotazamana na zailemu.

Lipu hii ndiyo inayobadilika sana kulingana na udongo. Chumvi ikizidi, homoni iitwayo asidi ya abisisiki huongezeka, na suberini hupakwa mapema zaidi, karibu na ncha. Chuma, zinki au manganizi vikipungua, homoni nyingine, ethilini, huchukua usukani na suberini hupungua, hata pale ilipokwisha kupakwa. Mzizi unafungua milango kwa sababu una njaa. Lakini potasiamu au salfa ikipungua, suberini huongezeka badala ya kupungua! Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba lipu huzuia pia vilivyokwisha kuingia visivuje kurudi udongoni. Kila uamuzi hapa una gharama yake: mzizi uliojifunga dhidi ya chumvi umejipunguzia na chakula.

Mimea mingi ina pia eksodemi, tabaka la kizuizi lililo chini kidogo ya ngozi ya nje. Mpunga unaitumia kwa ustadi. Shamba likifurika, udongo hukosa oksijeni, kwa hiyo mpunga huteremsha hewa kutoka majani kupitia mianya ndani ya mizizi. Hewa hiyo ingevujia topeni njiani kabla ya kufika kwenye ncha. Mpunga ukizama kwenye maji yaliyotuama, hujenga kizuizi upande wa nje wa mzizi, na oksijeni inafika mwisho wa safari. Mikoko nayo ina vizuizi imara mizizini, na spishi nyingi huacha nje zaidi ya asilimia 90 ya chumvi ya bahari.

Umbo la mzizi nalo linafuata udongo. Mzizi ukiwa na maji upande mmoja na hewa upande wa pili, matawi huchipuka upande wa maji. Fosforasi ikiwa haba, vinyweleo hurefuka na kuongezeka. Kwa kuwa fosforasi hukaa zaidi juu ya udongo, mimea yenye mizizi ya juujuu huipata vizuri. Maji yakiwa chini sana, mmea wenye faida ni ule ambao mizizi yake huchimba wima.

Umbo na kizuizi hugongana mahali pamoja. Tawi la mzizi huanzia ndani, ng'ambo ya endodemi, kwa hiyo ili litoke nje lazima lipite kwenye duara lile lile lililozibwa kwa ukanda na lipu. Seli za endodemi zilizo juu yake hunywea, zinapoteza maji na ujazo mpaka zinakuwa nyembamba mno, na ukanda wa Caspary unafunguka hapo tu, kiasi cha tawi kupenya.